"Wateja wa Huku Hawana Shida"

Jumanne iliyopita nilikuwa nyuma ya kaunta ya tawi letu la benki nasubiri kupasisha muamala wa dirisha la pili, nikamsikia kijana wetu wa dirisha la tatu akimwambia mama mmoja wa makamo, "Sistimu iko chini mama, jaribu kesho." Yule mama alikaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi, na wakati huo ilikuwa saa saba kasoro robo. Akajibu, "Ahsante mwanangu, Mungu akubariki." Akakunja fomu yake mara nne, akaitia kwenye pochi, akaenda zake. Kijana akanigeukia uso umechangamka: "Bosi, wateja wa huku hawana shida."

Foleni ilikuwa ndefu, sikumjibu. Kwa hiyo nawajibu wote kwa pamoja, nyie makeshia mlioletwa mwaka huu na tai ambazo bado zina mkunjo wa dukani. Nawapenda, na nisemayo hapa yasiwafanye mdhani vingine. Mnahesabu noti haraka kuliko sisi, sistimu mmeizoea wiki ya kwanza, na hakuna hata mmoja wenu anayekuja kazini amenuna. Lakini nimewaangalia miezi minne sasa, na kila kosa mnalofanya nalijua kama mtu anavyomjua mtoto wa nyumbani kwake. Nililifanya mimi kabla yenu. Nimeandika kwa namba ili mkinichoka mruke.

1. "Sistimu iko chini" ni taarifa. Mteja anataka jibu: iko chini tangu saa ngapi, kuna anayeishughulikia, na yeye afanye nini. Chukua namba yake ya simu, umpigie ikirudi. Kesho unayomwambia wewe kirahisi ni nauli nyingine, ni genge kufungwa siku ya pili, ni kumwomba jirani tena amwangalizie mtoto.

Na tuambiane ukweli, Jumanne ile sistimu haikuwa chini. Dirisha la kwanza na la pili walikuwa wanalipa kama kawaida. Nywila ya kijana ndiyo iliyokwisha muda, akaona aibu kuwapigia watu wa TEHAMA mbele ya wenzake, ikabidi sistimu nzima ya benki ianguke ili yeye asionekane kasahau kubadilisha nywila. Alipotoka kula walimfungulia kwa dakika tano. Mama alikuwa ameshapanda daladala.

2. Noti zipite kwenye mashine, kisha mkono, na zote mbili mbele ya macho ya mteja.

3. Makato. Mteja akiuliza kwa nini salio limepungua, usimwambie "ni makato ya kawaida". Hakuna makato ya kawaida. Kila moja lina jina na kiwango, na orodha ipo ukutani pale nyuma ya lile ua la plastiki ambalo nimeshasema liondolewe. Lakini wanaouliza ni wachache mno, na hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Mnakumbuka tozo za miamala ya simu, Julai 2021? Nchi nzima ilipiga kelele. Kwenye vibanda, kwenye daladala, bungeni, kila mtu alikuwa na hesabu yake mkononi, alituma shilingi ngapi na akakatwa ngapi. Haikufika miezi miwili viwango vikapunguzwa kwa asilimia 30. Sasa watu walewale, wenye midomo ileile, wakija hapa na kukuta akaunti imekatwa elfu kadhaa ambazo hawazielewi, wanainama dirishani na kusema kwa sauti ya chini, "Samahani dada, naomba kuuliza, kama hutajali." Wanaomba samahani kwa kuuliza habari za hela yao.

Siku nyingine nendeni mkasimame karibu na kibanda cha wakala wa hela za simu kwa robo saa. Wakala akikosa floti, yaani salio la kufanyia miamala, kwa dakika tano atasemwa mpaka ukoo wake. Mnaposema wateja wa huku wapole kwa asili, mimi nawaona wakivuka barabara tu na upole umekwisha. Kwa wakala mtu anajua kuna kibanda kingine hatua ishirini mbele. Kwetu alishajifunza zamani kwamba kelele haimsaidii, akaacha.

Hayo hayakuanza na nyie wala na mimi. Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, mabenki binafsi yalitaifishwa ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Mpaka sheria ya mwaka 1991 ilipofungua mlango kwa benki binafsi, mtu wa wilayani aliyechukizwa na dirisha moja mara nyingi alichoweza ni kuhamia dirisha la pili la benki ileile. Ni karibu robo karne. Baba alimfundisha mtoto jinsi ya kwenda benki kama anavyomfundisha kuvuka mto: nenda mapema, usibishane nao, beba na akiba ya chakula.

Waangalieni wanavyoingia. Wana kalamu yao mfukoni, maana wanajua ya kwetu haina wino. Wana nakala tano za kitambulisho cha NIDA tulichohitaji nakala moja, na picha ndogo kwenye kibahasha, na barua ya serikali ya mtaa ambayo hakuna aliyewaomba. Wana chupa ya maji na vitumbua ndani ya mfuko mweusi. Nyumbani wameaga, "Leo naenda benki," na kila mtu akaelewa kwamba mtu huyo haonekani mpaka jioni. Nimemwona mzee wa miaka sabini na kitu akianza yeye kumwamkia askari wetu wa mlangoni, kijana ambaye kwa umri ni mjukuu wake. Mtu akishaingia hivyo, hata umfanyie nini atashukuru.

4. Saini isipofanana. Hii ndiyo nisiyopenda kuisimulia. Wenye haraka nendeni namba tano.

Ilikuwa 2013, mwezi Julai, mji mmoja wa wilaya mkoani Mtwara. Mimi ni mwaka wangu wa kwanza dirishani, sijawahi kupata shoti, yaani hela kupungua kwenye hesabu ya siku, hata ya mia mbili, na kichwa kimevimba kwa sababu hiyo. Akaja mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Alipofika kwenye kioo alivua kofia akaibana kwapani, kama mtu anayeingia ofisi ya mkuu wa wilaya. Shikamoo nilimpa, hilo mniandikie kwenye mema yangu. Ndiyo heshima pekee aliyoipata kwangu siku ile.

Alitaka kutoa 180,000. Nikafungua kadi ya saini. Saini ya zamani ilikuwa mwandiko wa ubaoni hasa, herufi zimeinama kulia zote kwa pamoja kama watoto mstarini. Ya kwenye fomu ilikuwa kama kuku kapita kwenye vumbi. Nikamrudishia fomu chini ya kioo: "Haifanani mzee. Rudia." Akarudia. Nikampa fomu nyingine. Akarudia. Mara ya nne alikishika kiganja cha kulia kwa mkono wa kushoto, akawa anausukuma mkono wake mwenyewe juu ya karatasi, ulimi umebanwa pembeni mwa mdomo. Kisha akasema, "Samahani mwanangu, huu mkono siku hizi umechoka."

Nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye benchi la mwisho, "Mzee, benki hailipi mikono iliyochoka."

Watu wakacheka. Na yeye akacheka, tena alicheka mpaka wenzake wakanyamaza yeye bado anaendelea, kama mtu anayenisaidia utani wangu usiharibike. Dada mmoja kwenye foleni akasema, "Kaka, huyo mwalimu wetu, sisi hapa wengi katufundisha yeye." Nikamjibu, "Dada, mimi nafuata utaratibu."

Utaratibu wenyewe sikuujua. Mteja ambaye mkono umebadilika, kwa ugonjwa au uzee, anajaziwa fomu ya kubadilisha saini, anaweka dole gumba, anapigwa picha mpya, shahidi anasaini, msimamizi anapasisha, kwisha. Fomu zile zilikuwa kwenye droo iliyo chini ya kaunta yangu, inagusana na goti langu la kushoto. Na msimamizi, mama mmoja mkali lakini wa haki, alikaa hatua kumi na moja kutoka kwenye kiti changu. Nilikuja kuzihesabu baadaye. Asubuhi ile nilikuwa nimeshamuuliza maswali mawili na nilihofia la tatu lingeniondolea sifa. Kwa hiyo badala ya kunyanyuka, nikatunga. Nikamwambia, "Nenda kalete barua ya mtendaji wa kijiji, iwe na picha na muhuri." Hakuna mahali popote palipoandikwa hivyo. Niliisema tu kwa sababu ina sauti ya kibenki.

Akaitikia, "Sawa mwanangu, nimekupotezea muda."

Siku nne baadaye amerudi. Barua anayo, picha imegandishwa kwa gundi, muhuri umepigwa. Nikatazama, nikaona muhuri uko pembeni, haukuipanda picha. Nikamwambia lazima uipande picha. Hilo nalo sijui nililitoa wapi, nadhani kwenye cheti cha shule. Akasema ni kosa lake, angemkumbusha mtendaji. Kutoka kijijini kwake boda ilikuwa elfu nne kwenda na elfu nne kurudi, na nilikuwa najua, maana kila siku nilisikia watu wakizitaja bei hizo kwenye benchi.

Mara ya tatu ilikuwa siku ya tisa. Muhuri umepanda picha mpaka uso hauonekani. Kabla sijasema neno, akatoa kwenye mfuko wa shati kalamu mpya ya bluu, kifuniko bado kimebana, akasema, "Nimefikiri, labda kalamu yenu ndiyo inanitelezesha. Nimenunua hii." Siku tisa alikuwa anatafuta kosa liko wapi, akaanza na mkono wake, akaja kwa mtendaji, akaishia kwenye kalamu. Mimi sikuwamo kwenye orodha.

Msimamizi akalisikia lile neno, kalamu. Akaja. Akamwomba mzee akae kwenye kiti cha ndani, akanitazama, akasogeza goti langu kwa mkono wake kama unavyosogeza kigoda, akafungua droo. Dakika kumi na moja mzee ana noti zake kumi na nane. Mama yule hakunigombeza, wakati ule wala baadaye, na ningeomba angenigombeza.

Wakati anasubiri muamala upite walizungumza habari za shamba, mazungumzo ya kawaida ya watu wazima. Mzee akasema hela ilikuwa ya salfa. Wa huko kusini mnajua. Mikorosho ikianza kuchanua inapuliziwa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na ubwiriunga haungoji mihuri. "Nilikuta maua mengi yameshashikwa," akasema, "lakini si neno, nitapulizia yaliyobaki." Alisema kwa sauti ileile aliyosemea habari za mvua. Hakunitazama wakati anasema, wala hakukusudia niisikie.

Alipoaga alipitisha chini ya kioo kifuko cha kaki. Korosho za kukaanga, za msimu uliopita. "Hizi zako mwanangu, kwa usumbufu niliokupa."

Nilizila. Zilikuwa nzuri sana. Nilizila mpaka nikafika chini kwenye chumvi, ndipo kitu kikanikaa kifuani.

Mwisho wa mwezi ilikuja ripoti ya tawi. Kwenye mstari wangu paliandikwa shoti sifuri, malalamiko sifuri. Nikapewa cheti cha keshia bora wa mwezi, kimetiwa plastiki. Nadhani mama yangu bado anacho ukutani. Sanduku la maoni lilikuwa limetundikwa pembeni mwa mlango, kufuli lake limeshika kutu, ufunguo hakuna aliyejua uko kwa nani.

Basi kijana wangu anaponiambia wateja wa huku hawana shida, mimi nasikia harufu ya korosho.

Cha kushika kwenye hiyo namba nne ni vitu viwili, na vyote nimeshaviona kwenu. Cha kwanza, usitunge hitaji. Kama hujui, nyanyuka ukaulize, hata kama ni swali la tisa siku hiyo. Wiki iliyopita mmoja wenu alimwambia mjane alete "barua ya kanisa" ili abadilishiwe namba ya simu. Barua ya kanisa! Angekuwa Mwislamu ungesema nini? Cha pili, usimtanie mteja kwa udhaifu wake mbele ya foleni. Akicheka, jua anakulinda wewe.

5. Hela ya ATM iliyokatwa bila kutoka. Mteja ataanza na "labda nimekosea mimi kubonyeza". Mwambie hakukosea mpaka itakapothibitika, mjazie fomu ya madai hapohapo, mpe nakala na tarehe ya kurudishiwa jibu. Msimwambie "itarudi yenyewe". Mara nyingi inarudi yenyewe, ndiyo. Lakini mtu ambaye kodi ya chumba inadaiwa jioni ile hawezi kumpa mwenye nyumba neno "yenyewe".

6. Bima ya amana, yaani hela mteja anayolindiwa benki ikifungwa, ni hadi shilingi 7,500,000 kwa mteja. Niliwauliza watu wanne kwenye kikao, mmoja tu ndiye aliyejua, na wawili walitaja 1,500,000 ya zamani. Januari 2018 Benki Kuu ilipofunga benki tano kwa siku moja, zikiwamo za wananchi za Njombe na Meru, dirishani kwangu watu walikuja kwa wiki nzima kuuliza "na hapa je?" Waliuliza kwa kunong'ona, kama wanamuulizia mgonjwa. Kuna keshia aliyekuwa akiwajibu, "Msiwe na wasiwasi." Wasiwasi wa mtu mwenye laki sita zilizokusanywa miaka mitatu hautolewi kwa kumwambia asiwe nao. Mpe namba.

7. Wakati wa msimu au mishahara mtakuta alfajiri ndala na mawe vimepangwa mlangoni, kila kimoja kinamshikia mwenyewe nafasi. Msiviruke, na msimwache askari avipige teke. Msimu wa 2018/2019, Serikali iliponunua korosho kwa 3,300 kwa kilo na malipo yakawa yanapitia akaunti za wakulima, kuna waliolala kwenye baraza zetu zaidi ya mara moja kwa sababu jina la benki na jina la kwenye orodha ya uhakiki yalitofautiana herufi moja. Kuna Hassani yenye "i" na Hassan isiyo nayo. Herufi hiyo ni yetu, tuliiandika sisi wakati wa kufungua akaunti tukiwa na haraka ya kufikisha malengo ya mwezi. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, msomee mwenyewe kwa sauti, kisha ndiyo ubonyeze.

8. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji zinatutaka tupokee malalamiko na kuyashughulikia kwa utaratibu unaoeleweka. Rejista ipo, ni lile daftari la kijani chini ya printa. Mtu akinung'unika, hata akinung'unika kwa heshima, hata akimalizia na "lakini si neno", andika. Nikiona mwezi mzima rejista ni tupu sitawapongeza. Nitakuja kukaa kwenye benchi na mfuko wangu wa vitumbua nione kuna nini.

9. Usile korosho za mteja. Sentensi hiyo mkaguzi wa ndani atawaambia kwa maneno mengine, marefu.

Yule mama wa Jumanne alirudi Jumatano saa mbili na nusu, kabla hatujafungua. Nilimpokea mwenyewe, nikamwomba radhi kwa ya jana. Akashtuka. Akaniuliza kama kuna tatizo kwenye akaunti yake. Nikamwambia hakuna, ni sisi tuliokosea. Akanitazama kwa muda, akafungua pochi, akatoa nakala ya NIDA, nakala ya pili, na picha, akavipanga juu ya meza yangu kimoja kimoja, akasema, "Basi niambie tu baba, kinachopungua ni nini?"

Ilinichukua muda kumweleza kwamba hakipungui kitu. Kijana alimhudumia kwa dakika sita, nywila yake ikiwa hai, na fomu aliijaza mama kwa kalamu aliyotoka nayo nyumbani. Kalamu ya kaunta ilikuwepo palepale imefungwa kwa uzi. Uzi wenyewe ni mfupi kiasi kwamba ili usaini lazima ulaze shavu kwenye meza, na wino hauna. Aliyeifunga aje anione leo kabla ya kufunga siku, na aje na mkasi.